Samaki wadogo waendao kwa kundi

Wazazi wa shule yetu ya parokia, hapa kando ya ziwa karibu na Kalemie, walitoa mchango ili darasa la tano lipate samaki. Daktari mmoja aliyehama alikuwa ameacha sanduku la kioo la lita 80, na watoto wakaomba litiwe uhai badala ya kulala ghalani. Kazi ya kuchagua samaki nikapewa mimi. Ni jambo dogo, mtasema. Lakini mchango ule ulitoka kwa wavuvi na wakulima, na fedha ya namna hiyo hainunui vitu vitakavyoelea tumbo juu siku ya tatu.

Watoto walitaka samaki wa kila rangi, mmoja mmoja. Nikakataa. Samaki wengi wadogo Mungu aliwaumba waende kwa kundi. Samaki wa namna hiyo ana mstari ubavuni, na kwa huo huhisi maji yanavyosukumwa na jirani yake. Kwa mstari huo na kwa macho, kundi zima hugeuka kama mwili mmoja, na adui hajui amkamate yupi. Mtenge mmoja peke yake: atajificha pembeni, rangi itafifia, hatakula vema, na mara nyingi atakufa. Wengine wakiwa wachache huwa wakali, hutafuna mapezi ya wenzao. Nuhu alitia wanyama wawili wawili safinani (wala hakuwa na haja ya kutia samaki), lakini kwa hawa hata wawili ni upweke. Wasipungue 6, wakifika 10 ni heri.

Mzee mmoja akasema: “Tununue kwa nini? Ziwa limejaa ndagala.” Kweli, kwa kupenda kundi hakuna ampitaye ndagala. Mchana hukaa chini katika kilindi, usiku hupanda kufuata vijidudu vya majini, na wavuvi humvuta kwa taa. Lakini ni laini mno. Akiguswa na wavu magamba humtoka, akafa kabla mtumbwi haujafika pwani. Ndagala ni wa sahani, si wa kioo.

Mwalimu wao alimpenda samaki mwingine wa nchi yetu, wa mito ya bonde la Kongo, ambaye wataalamu humwita Phenacogrammus interruptus. Boulenger ndiye aliyemwandika kwa jina hilo la pili mwaka 1899. Tuliopita seminarini twajua neno hilo la Kilatini: ni kitu kilichokatizwa, na kweli ule mstari wa ubavuni kwake hautimii. Dume hufika sentimetri 8 hivi, ubavu wake hung’aa buluu na dhahabu, na mkia una nyuzinyuzi kama pindo la nguo. Hata Ulaya watu humfuga sebuleni. Lakini kundi la samaki wa ukubwa huo lataka sanduku lenye urefu unaopita mita moja. Tena kuna neno la maji. Yeye ni wa maji laini, yenye asidi kidogo. Maji ya Tanganyika yana chumvi nyingi za mawe, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Mwalimu akataja maji ya mvua. Yangefaa, ila si yale ya mabati mapya, kwa maana zinki yake ni sumu kwa samaki.

Basi nikamchagua samaki ambaye wavulana wetu humpita kila siku: ana sentimetri 5 kwa wingi, huenda kwa makundi kati ya majani ya ukingoni. Vitabu humwita Lacustricola pumilus, na pumilus ni kibete. Maji yetu ndiyo yake, hula viluwiluwi vya mbu, na bei yake ni miguu ya kwenda na kurudi. Wazazi wengine walinung’unika kwamba hana rangi. Ukimtazama mmoja, ni kweli. Lakini watazame 12 pamoja, nuru ikiwapiga kwa ubavu: kila jicho lina mng’ao wa buluu, na ming’ao yote hugeuka mara moja.

Sanduku lilikaa majuma sita na maji na majani kabla ya kundi kuingia. Taka za samaki hutoa amonia inayoua, na bakteria wanaoigeuza huhitaji muda wa kuongezeka. Katika muda huo tulikuwa tukiwalisha kwa chakula kidogo kidogo cha samaki kinachooza majini. Kisha tulivua wote 12 mahali pamoja, siku moja, kwa kitambaa chepesi, tukawabeba ndani ya maji yao bila kuwashika kwa mkono.

Mchango umenunua kipimajoto na kifuniko cha waya, kwa sababu samaki hawa huruka. Fedha iliyobaki imerudi kwa mtunza fedha wa shule.