Maziwa ya Ua la Mlangoni Kwangu

Nyumbani kwetu Singida, nyumba ya bibi yangu ilizungukwa na uzio wa minyaa. Kila mtoto wa pale aliijua sheria moja kabla hajajua kuhesabu: usivunje kijiti cha mnyaa. Bibi alikuwa akitukumbusha, "Maziwa yake yakikuingia jichoni, utaongozwa kwa fimbo kama mzee." Basi tuliuogopa mnyaa kuliko tulivyomwogopa fisi. Wamasai nao huuita emanyara na huzungushia maboma yao, na husemwa kuwa ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara.

Nilipoolewa nikaja kuishi Mchikichini, niliyaacha hayo yote nyuma. Akina mama wenzangu mnaoishi mitaa ya Kariakoo na Ilala mnaijua hali yetu. Nyumba moja ina wapangaji sita, uani ni saruji tupu, na kelele za wauza mitumba zinaanza kabla jua halijachomoza. Hakuna hata konzi moja ya udongo. Lakini mimi ni mtoto wa mkulima. Nikikaa bila kitu cha kumwagilia, moyo unaninyauka. Nikaanza na ndoo iliyopasuka, kisha madumu ya mafuta ya kupikia niliyoyakata katikati, na mchanga na samadi nilivyonunua kwa debe.

Mimea iliyonipenda zaidi ilikuwa miwili. Wa kwanza ni ule wenye miiba mirefu na maua madogo mekundu, ambao wengi huuita taji la miiba. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Ukiupa jua la kutwa na maji kidogo, hutoa maua karibu mwaka mzima. Wa pili ni ua la Krismasi, lenye asili ya Meksiko. Balozi wa Marekani nchini humo, Joel Poinsett, ndiye aliyelipeleka kwao katika miaka ya 1820, na ndiyo maana Waingereza na Wamarekani huliita kwa jina lake. Ule wekundu tunaousifu si maua bali ni majani. Maua yenyewe ni vile vidonge vya manjano vilivyo katikati.

Nilijivunia makopo yangu. Wageni walisimama mlangoni wakayasifu kabla ya kubisha hodi. Na siku zote hizo, sikuwahi kujiuliza kwa nini kila nilipokata tawi lilitoa maziwa meupe.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napunguza taji la miiba ili nimpe shemeji yangu vipandikizi. Matawi niliyoyakata niliyaacha chini kando ya ndoo, nikaingia ndani kuangalia maharage jikoni. Sikukawia. Watoto walikuwa uani wakicheza mchezo wao wa kupikapika, na matawi yangu yakawa mboga. Nilisikia ukelele ambao mpaka leo naukumbuka. Alikuwa mtoto wa jirani yangu wa chumba cha pili, wa miaka minne, ameziba jicho kwa kiganja kilichokuwa bado kina maziwa.

Mama yake alikuwa Kariakoo kwenye biashara yake. Alikuwa ameniambia, kama tunavyoambiana siku zote, "Shoga, nitazamie mwanangu."

Wapangaji walijaa uani na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nimkamulie maziwa ya mama, mwingine akakimbilia asali. Mimi nilisimama kama nguzo. Ndipo niliponusa mikono yangu, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye uzio wa bibi. Ni mnyaa! Ni ndugu yake mnyaa, amevaa nguo ya sikukuu na kukaa mlangoni kwangu.

Bomba lilikuwa halitoi maji siku hiyo. Nilikuwa na madumu mawili niliyoyanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, yakiwa ndiyo maji yetu ya kutwa. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikamlaza mtoto kwenye mapaja ya Bi Mkubwa mwenye nyumba, tukayafungua macho yake kwa vidole na kumwagia maji polepole, kikombe baada ya kikombe. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Hatukuacha mpaka dumu la kwanza lilipokwisha na la pili kufika nusu. Kisha nikambeba mgongoni, nikaenda naye hospitali.

Daktari alisema utando wa mbele wa jicho umeungua, ila maji yale yameokoa mengi. Alinionya kwamba maumivu yangeweza kuongezeka usiku ule na kesho yake, na ndivyo ilivyokuwa. Alitupa dawa na kututaka turudi kila siku. Siku ya tisa jicho lilikuwa jeupe, na mtoto aliweza kusoma maandishi ya kanga ya mama yake kwa kubahatisha, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Lakini zile siku tisa, mpendwa msomaji, zilikuwa ndefu. Mama yake hakunitukana. Laiti angenitukana! Alipokea taarifa, akamchukua mwanawe, akafunga mlango. Aliporudi kutoka kazini alinipita kama anavyopita mtu asiyefahamika. Nililipa dawa na nauli, lakini fedha hainunui neno "shoga". Usiku wa tatu nilimwambia mume wangu kwamba asubuhi natupa makopo yote. Akaniuliza, "Utayatupa wapi ambako hakuna mtoto?" Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kubisha hodi kwake. Sikusema nilikuwa jikoni wala kwamba watoto ni watundu. Nilisema, "Uliniachia mtoto, nami niliacha sumu chini. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hukujua." Nikamwambia ukweli uliokuwa ukinichoma: nilijua tangu nikiwa na miaka minne, ila sikutambua kuwa sumu inaweza kuwa nzuri.

Tangu hapo nimejifunza kuitambua jenasi hii, ambayo wataalamu huiita Euphorbia na ina aina zipatazo 2,000. Wamo minyaa, taji la miiba, ua la Krismasi, ule mti wa majani ya zambarau, na hata mingine yenye pembe tatu inayofanana na dungusi kakati. Si kila mmea wenye utomvu mweupe ni wa ukoo huu, kwani hata mpapai unao. Lakini mmea wa kopo usioujua ukitoa maziwa, uheshimu. Ua la Krismasi si kali kama wengi wanavyodhani, ila taji la miiba na ule wa zambarau si wa mchezo.

Leo makopo yangu yako juu, kwenye ubao alioupigilia mume wangu ukutani. Nakata matawi watoto wakiwa shuleni, nikiwa nimevaa glavu, na ndoo ya maji iko kando kabla sijashika kisu. Vipandikizi naviweka juu ya kabati siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Havitoi maziwa tena, na huota vizuri zaidi vikipandwa kwenye mchanga usiotuamisha maji. Mabaki nayafunga kwenye gazeti. Maziwa yakimwingia mtu jichoni, ni maji safi mengi papo hapo, robo saa au zaidi, kisha hospitali. Maziwa ya mama, asali au dawa ya macho iliyobaki ya jirani, la hasha.

Ua la Krismasi nililigawa. Taji la miiba nimebaki nalo. Ijumaa Kuu mtoto yule, ambaye sasa anasoma darasa la pili, alilinyoshea kidole kutoka mbali akamwambia mwenzake mgeni, "Usiguse, lina maziwa ya moto." Mama yake alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Aliinua uso, akanitazama, akasogea kidogo ili nipate pa kukaa.