Sura ya Mji Itazamwayo Kutoka Baharini

Mgeni aingiaye mji wa pwani kwa njia ya bahari huuona mji kabla hajakutana na watu wake. Zamani nahodha aliyekaribia bandari ya Dar es Salaam alitangulia kuona minazi, kisha kuta nyeupe za Kivukoni, kisha mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu. Leo hutangulia kuona majumba yenye ghorofa zaidi ya 30. Sisi tuliokulia katikati ya mji huo tumeyashuhudia mabadiliko hayo, na yafaa tueleze yaliyotupata. Maana sura ya mji nayo ni sehemu ya utamaduni wa taifa, kama zilivyo ngoma na lugha.

Baba yetu alikuwa karani wa bandari. Tuliishi ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga isiyo mbali na gati, yenye roshani iliyoelekea maji. Hata alipostaafu, kila asubuhi aliketi roshanini, na meli ilipojitokeza alitutajia itokako na shehena yake kabla haijatia nanga. Upepo wa kusi ulipovuma tulilala madirisha wazi. Kisha mbele yetu jumba refu likaanza kupanda. Kwanza yalitoweka maji, kisha milingoti, mwishowe mbingu yenyewe. Baba hakunung'unika. Aliendelea kuketi palepale na kutuuliza, "Wanangu, leo imeingia meli gani?" Nasi tulimjibu kwa kubahatisha, naye akijua kwamba tunabahatisha.

Haitakuwa haki tukiwalaumu waliojenga peke yao. Tangazo la kuwaalika wakazi watoe maoni lilibandikwa mtaani kwetu; tulilisoma, tukapita zetu. Aidha, mdogo wetu alipata kazi ya uhasibu ndani ya jumba lile lile, na mshahara wake ndio uliomnunulia baba dawa. Tena mkoa wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5, hauwezi kutosheka kwa nyumba za chini tu. Mji usiopanda juu hutambaa chini, na utambaapo humeza mashamba na mabonde. Basi hatuulizi kama ghorofa zijengwe au zisijengwe. Tunauliza zisimame wapi, na bahari ibaki kuwa ya nani.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelikabili swali hili kabla yetu. Mji wa Chicago, huko Marekani, ndipo lilipojengwa mwaka 1885 jumba la ghorofa 10 ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la aina yake duniani. Hata hivyo, mji huo uliojivunia kimo haukuuachia ufuko wake uzibwe. Mwaka 1836 makamishna wa mfereji waliandika katika ramani kwamba sehemu ya ardhi iliyo mbele ya Ziwa Michigan ibaki wazi, mali ya umma. Ahadi hiyo ilipotaka kusahauliwa, mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, alikwenda mahakamani mara kwa mara kati ya miaka ya 1890 na 1911 kuitetea. Wengi walimwona mtu mkaidi anayezuia maendeleo. Lakini leo majumba marefu ya mji ule yamejipanga nyuma ya bustani, na mtu asiye na nyumba wala kiwanja aweza kuketi mbele ya ziwa bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1968 lilikamilika jumba moja la ghorofa 70 mbele ya mstari huo; miaka mitano baadaye mji ukatunga sheria ya kuulinda ufuko wake.

Mji wa San Francisco nao ulijifunza kwa kuumia. Katika miaka ya 1960 majumba mawili ya Fontana yalipowaziba wakazi wasiione ghuba, watu walikasirika, na mji ukaweka mpaka wa kimo cha futi 40, yaani mita 12 hivi, katika sehemu kubwa ya ukingo wa maji. Mwaka 2014 wapiga kura waliamua kwamba atakayetaka kuupita mpaka wa kimo katika ardhi ya bandari apate kwanza kura ya wananchi.

Mtu asidhani kwamba fikra hii ni ya kigeni. Miji yetu ya Waswahili ilikuwa na vipimo vyake. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikaezekwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kimo nacho kilijulikana. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliinuliwa ili mamlaka ya Sultani yaonekane kutoka mbali baharini. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka mwaka 2020, lakini bustani ya Forodhani iliyo mbele yake ingali wazi, na kila jioni wenyeji na wageni hupunga upepo hapo. Kwetu Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuudhuru ufuko ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ni sheria njema, lakini mita hizo hupima umbali. Hazipimi kimo, wala hazimwulizi mtu kama upepo bado unamfikia.

Baba yetu alifariki dunia akiwa hajaiona tena bandari kutoka roshani yake. Tangu hapo, kila tuvukapo kwa pantoni kutoka Kigamboni huwaonyesha watoto wetu mahali nyumba ile ilipo, ingawa haionekani. Enyi walimu, wachukueni wanafunzi wenu wakasimame ng'ambo ya maji, wauchore mji wao jinsi uonekanavyo leo, kisha wawaulize wazee ulivyoonekana zamani. Nanyi wanafunzi, siku mtakapoona tangazo la kuwaalika mtoe maoni limebandikwa ukutani, msipite kama tulivyopita sisi. Ingieni mkutanoni, mseme.