Nati Niliyoikaza Kabla ya Wakati Wake

Sisi wenye magari ya zamani tuna tabia moja. Gari likitoa mlio leo twashtuka, kesho twauzoea, na keshokutwa twasema kuwa hivyo ndivyo lilivyo. Nami nilikuwa mmoja wao. Nataka kuwaeleza wakulima wenzangu jinsi spana ilivyonifundisha adabu.

Marehemu baba aliniachia Land Rover ya mwaka 1966, ambayo springi zake ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Huchukua maziwa kutoka shambani kwetu karibu na Ol Kalou. Katika mwaka 2019 nilianza kuona kwamba likipita kwenye matuta ya murram, nyuma huruka na kuyumba, na nikikanyaga breki husikika mgoto wa chuma. Nililiinamia pembeni, nikalisukuma chini na kuliachia, kama watu wafanyavyo ili kupima shokomzoba. Likatulia mara moja, nikadhani ni zima. Kumbe mabamba yenye kutu husuguana na kuzuia mrusho, hata shokomzoba ikiwa imekufa. Dalili ya kweli ilikuwa chini: mafuta yamevuja na kushikana na vumbi.

Ni vema kujua kazi ya kila kitu. Springi hubeba uzito, bali shokomzoba huituliza kwa kusukuma mafuta katika vitundu vidogo. Mafuta yakivuja, springi hukosa mtu wa kuikanya. Bushi nayo ni mpira uliobanwa kati ya mirija miwili ya chuma. Mrija wa nje hukaa katika jicho la springi, na wa ndani hubanwa na bolti usizunguke. Springi inapocheza, ni ule mpira ujipindao.

Basi nilinunua shokomzoba mbili za nyuma, kwa maana hubadilishwa kwa jozi, pamoja na bushi mpya. Mimi na mpwa wangu tuliliinua gari, tukaweka vigogo imara chini ya fremu, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini. Bushi za zamani zilikataa kutoka. Tulichoma mpira, ukatoa moshi mweusi wa kuudhi, kisha tukakata mrija wa nje kwa msumeno wa chuma na kuukunja kwa tindo. Siku mbili zilikwisha. Tulipoingiza zile mpya nilikuwa nimechoka na tena nimejaa majivuno. Nikazikaza nati zote kwa nguvu zangu zote, gari likiwa bado juu ya vigogo.

Likawa kama jipya. Lakini baada ya miezi minane mgoto ulirudi, nami nikauzoea tena. Asubuhi moja, nikiteremka kilima na mitungi imejaa, nilikanyaga breki, nyuma ikavuta upande wake, tukaishia mtaroni. Maziwa yalimwagika. Hayo si kitu. Mjukuu wangu, aliyeketi karibu nami, aligonga paji la uso akavuja damu, akaniuliza, "Babu, si ulisema umeitengeneza?" Sikuwa na jibu.

Nilimwita fundi mmoja mzee wa Gilgil. Alifungua bolti, akanionyesha mpira uliochanika. Akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, ulikaza likiwa limening'inia?" Nina miaka sitini na mitatu, lakini siku hiyo nilikuwa kijana kweli. Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

Akanieleza. Gari likiwa juu, springi huning'inia. Ukikaza hapo, mpira hushikwa katika hali ile. Ukilishusha, mpira hupindwa, nao hubaki umepindwa usiku na mchana, hata likiwa limelala bandani. Kila shimo la njia huuongezea mpindo, mpaka unachanika. Kwa hiyo nati za bushi hushikizwa kidogo tu juu. Kisha gari hushushwa, husukumwa mbele na nyuma likae sawasawa juu ya magurudumu yake, ndipo hukazwa.

Tulifanya kazi upya pamoja. Alivuta bushi kwa bolti ndefu na kipande cha bomba kilichogusa mrija wa nje tu, wala si mpira. Raba za shokomzoba alizilainisha kwa maji ya sabuni, akanikataza grisi kwa kuwa huozesha mpira. Shokomzoba zenyewe alizisimamisha wima na kuzivuta mara kadhaa ili kutoa hewa kabla ya kuzirudisha. Nati za bushi zilikazwa mwisho, gari likiwa chini.

Tangu siku hiyo miaka imepita na mgoto haujarudi. Hata hivyo, mjukuu wangu ana kovu dogo juu ya jicho, nami huliona kila anapopanda gari. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Fundi yule alikuwako Gilgil tangu mwanzo, nami sikumwuliza. Wenzangu, mlio mpya ukisikika katika gari lako, usiuzoee; na kabla hujashika spana, uliza.