Ngiri, fomu ya bima na safari ambayo sikuipanga

Leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Ninaandika juu ya mwili wangu mwenyewe, jambo ambalo sisi waandishi wa habari hatuna mazoea nalo. Sababu ni papa mmoja aliyenisimamisha wiki iliyopita karibu na soko la Virunga. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu anataka nimtembelee huko Ulaya. Lakini niko na erni. Watu wa asiransi watanikubali?" Watu walikuwa wengi, naye alikuwa anaona haya, nikamjibu nusu tu. Jibu kamili ndilo hili.

Ngiri, ile ambayo wengi wetu hapa tunaiita erni, niliigundua mwaka 2021. Mnakumbuka: Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye tukaamriwa kutoka mjini. Nilitembea kuelekea Sake nikiwa na mfuko wa mchele kichwani na mtoto mgongoni. Tuliporudi nyumbani, siku moja nikioga, nikaona uvimbe upande wa kulia, kwenye kinena, mkubwa kama yai la kuku. Nikilala unaingia ndani. Nikisimama au nikikohoa unatoka.

Daktari alinieleza kwa maneno mepesi. Ukuta wa tumbo uko na sehemu dhaifu. Utumbo, au mafuta ya tumboni, unasukuma na kupita hapo. Mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni vinazidisha, lakini udhaifu wenyewe mtu anaweza kuwa nao tangu zamani. Si laana, si uchawi, wala si ugonjwa wa zinaa. Hakuna kidonge wala dawa ya majani inayoziba tundu lile. Kwa mtu mzima, dawa yake ni kupasuliwa.

Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Nikakaa karibu miaka mitatu bila kufanya kitu. Haikuwa inauma sana. Tena kila mara kulikuwa na jambo kubwa kuliko tumbo langu: ada ya shule, kodi ya nyumba, ndugu waliofika kutoka Rutshuru na Kibumba bila chochote.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nikapata barua. Nilialikwa kwenye mafunzo ya redio Brussels, wiki mbili, mwezi wa sita. Ndugu zangu, furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Tulifungua Primus mbili, mke wangu akapika sambaza, na jirani mmoja akaanza kuniagiza viatu.

Katika karatasi za viza kulikuwa na bima ya safari. Hii haina mjadala. Sheria ya viza ya nchi za Schengen inadai bima yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, inayokubaliwa katika nchi zote hizo kwa siku zote utakazokaa huko. Ni ya kulipia matibabu ya dharura, hospitali ya dharura, kukurudisha nyumbani ukiugua, na gharama ukifa. Kwetu zamani mambo ya bima yalikuwa mikononi mwa SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yakaanza kazi. Kwa hiyo nilienda kwa wakala mmoja mjini, ambaye sitamtaja.

Alinipa fomu ya Kifaransa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Chini kulikuwa na maswali ya afya. Moja liliuliza kama niko na ugonjwa ninaoujua tayari, na kama kuna upasuaji ambao daktari amenishauri. Kalamu ikasimama.

Wakala akaona. Akacheka kidogo. "Papa, weka hapana. Wote wanaweka hapana. Viza inataka karatasi tu."

Mimi ninasema ukweli: nilikuwa karibu kuweka hapana. Kilichonizuia hakikuwa utakatifu. Kilichonizuia ni baba yangu mdogo.

Majuma machache kabla ya siku ile, mwezi wa pili 2024, vita ilikuwa imekaribia Sake. Baba mdogo alikuwa msukuma chukudu maisha yake yote: makala, viazi, mbao. Erni yake ilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Alikuwa anaifunga na kitambaa cha kitenge na kuendelea na kazi. Siku ya kukimbia alipakia godoro, masufuria na wajukuu wawili juu ya chukudu, akasukuma mpaka Bulengo. Usiku ule, chini ya hema, uvimbe ulitoka na haukurudi. Ukawa mgumu kama jiwe. Akaanza kutapika. Tumbo likajaa, choo hakuna, hata hewa haitoki.

Mke wake alinipigia simu alfajiri. Aliniambia kwamba mzee alikuwa amemkataza kuniita kwa sababu ya haya, mtoto wa kaka yake asije akasikia habari ya sehemu ile. Saa nyingi zilipotea kwa sababu ya haya hiyo. Tulimpeleka kwa motari, mimi nimemshika kwa nyuma. Hospitalini walimpasua siku hiyo hiyo. Utumbo ulikuwa umebanwa, damu haipiti, na kipande kilikuwa kimekwisha kufa. Walikikata. Alipona, lakini alilala hospitalini siku nyingi, na chukudu hakuisukuma tena.

Sasa mimi, mbele ya ile fomu, nilijiuliza: ikinipata hivyo Brussels, kwa nini bima inilipie? Wakipekua na kuona kwamba nilijua tangu 2021, kwamba daktari alinishauri kupasuliwa na mimi niliandika hapana, watasema nilidanganya, na watakuwa na haki ya kukataa. Euro 30,000 zitabaki kwenye karatasi. Deni la hospitali ya Ulaya litakuja kwa familia yangu hapa Goma. Niliandika ndiyo.

Jibu lilichukua siku nne. Bima walinikubali, lakini waliongeza mstari mmoja: kila gharama inayotokana na ngiri haimo. Kwa ubalozi, karatasi ilikuwa inatosha. Kwa tumbo langu, haikuwa na maana. Niliuliza kama hata ile ya kubanwa ghafula haimo. Wakala alisoma tena na kusema haimo, kwa maana nilikuwa ninasubiri kupasuliwa.

Papa wa soko la Virunga, hapa ndipo sikio lako liwe wazi. Mtu mwenye ngiri anaweza kupata bima ya safari. Wengine wanakubaliwa kwa kuongeza pesa, wengine wanakubaliwa na ngiri inatolewa nje ya mkataba, wengine wanakataliwa. Sema ukweli kwenye fomu. Omba jibu kwa maandishi, usitosheke na neno la mdomo. Soma sehemu ya mambo ambayo hawalipi, na kama Kifaransa kinakuzidi, mpe kijana aliyesoma akusomee mstari kwa mstari. Uliza swali moja wazi: "Ngiri hii ikibanwa nikiwa safarini, mtalipa au hamtalipi?" Usifikiri pia kwamba utaenda kupasuliwa huko kwa bima ya safari. Hiyo ni ya dharura, si ya upasuaji uliopangwa. Kama umekwisha kupasuliwa na umepona, chukua cheti cha daktari chenye tarehe, na usifunge safari kabla hajakuruhusu. Na namba ya simu ya bima iandike mahali pawili, maana ukifika hospitalini wao ndio wa kwanza kuitwa.

Kama muda upo, ushauri wangu ni huu: pasuliwa kwanza, safiri baadaye.

Mimi muda haukuwepo. Niliwaandikia watu wa mafunzo kuwaeleza. Walijibu kwa upole, lakini nafasi walimpa mwenzangu wa redio nyingine. Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba ukweli wangu ulininyima Ulaya. Jirani wa viatu alininunia mwezi mzima.

Mwezi wa tano nilipasuliwa hapa Goma. Nililipa dola 180. Nusu ilitoka kwenye likelemba yetu, nusu ilikuwa ile niliyotenga kwa safari. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, nikawa nasikia madaktari wakiongea juu ya mpira. Baada ya saa moja hivi walikuwa wamemaliza. Kesho yake nilirudi nyumbani. Daktari alinikataza kubeba kitu kizito kwa wiki sita, na watoto wangu walifurahi kuniona nikienda dukani mikono mitupu kama muzungu.

Daktari yule alinieleza pia jambo ambalo sikulijua. Mara nyingi wanaziba tundu kwa wavu mdogo, na wavu wa kiwandani ni ghali. Kwa majirani wetu Uganda walifanya utafiti kwa wanaume 302, matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Nusu waliwekwa wavu wa kiwandani, nusu wavu wa bei ndogo wa aina ya chandarua, uliosafishwa na kuua vijidudu vyote. Baada ya mwaka mmoja, hawakuona tofauti kubwa kati yao. Tafadhali, mtu asikate chandarua cha nyumbani! Ninasema tu kwamba upasuaji mzuri si lazima uwe wa tajiri.

Halafu ikaja Januari 2025. Mlikuwepo, sina haja ya kusimulia. Watu wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya walikimbia tena, wale waliokuwa wamekwisha kukimbia. Mjini umeme ulikatika, maji yakakatika. Siku zile nilimbeba mama yangu mgongoni kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine, maana magoti yake hayamruhusu kutembea haraka. Nilishuka ziwani na bidoni ya lita 20, nikapanda nayo, siku baada ya siku. Mahali pale pa kulia hapakusema neno.

Usiku mmoja, tukiwa tumelala chini kwa sababu ya risasi, niliweka mkono kwenye kovu na nikawaza: siku ile hakuna motari ambaye angekubali kunibeba. Kama ngiri yangu ingebanwa wakati huo, nani angenifikisha hospitalini? Safari ya Brussels nilikuwa nimeipanga. Hii hakuna aliyeniuliza kama niko tayari.

Kwa hiyo nina neno kwa ninyi mlio kambini, mliorudi vijijini, na mnaoishi kwa ndugu. Bima ya safari hamna, na safari zenu ni nyingi kuliko za mtu wa ndege. Baba, mama, kama una uvimbe kwenye kinena au kwenye kitovu, onyesha kwenye kituo cha afya wakati haujauma. Mama nao wanaipata. Si ugonjwa wa wanaume tu. Kama familia iko kwenye mutuweli ya afya, ulizeni leo kama inalipia upasuaji. Na dalili za hatari mzishike kichwani: uvimbe uliokuwa unarudi na sasa haurudi, mgumu, unauma sana, ngozi inabadilika rangi, mtu anatapika, hatoi choo wala hewa. Hapo msiusukume kwa nguvu, msikande, msingoje asubuhi. Ni jambo la saa, si la siku.

Baba mdogo sasa anauza ndizi mbele ya nyumba. Nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa, kumwomba ruhusa. Alinyamaza kidogo, akasema: "Andika. Ila waambie kwamba mimi nilikuwa na haya, na haya ile ilikuwa karibu kuniua."

Nimewaambia.