Paulo Alitaka Joho na Vitabu

Leo sina somo refu. Kama uko kwenye matatu soma tu, ukifika stegi yako shuka, utamalizia nyumbani.

Wengi mliowahi kufika kwangu mmeona vitabu vimepanda mpaka juu ya friji, na mkaniuliza, "Pasta, ulianzia wapi?" Mnangoja niseme chuo cha Biblia. Hapana. Nilianzia buchani.

Baba yangu alikuwa akikata nyama katika bucha moja hapa Dagoretti. Siku hizo nyama ilifungwa kwa gazeti. Mwenye bucha alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, nami nikitoka shule nilikaa juu ya lile rundo nikasoma Taifa Leo ya miezi mitatu nyuma. Mpira, matangazo ya vifo, barua za wasomaji, mashairi ambayo sikuyaelewa hata kidogo. Shida ni kwamba nikifika pahali patamu, Baba alinyoosha mkono na ukurasa ukaenda na nusu kilo ya mteja. Kuna hadithi ambazo mpaka leo sijui ziliishaje.

Baba hakujua kusoma. Hesabu ya nyama aliipiga kichwani kabla mteja hajatoa pesa mfukoni, lakini herufi hakuzijua. Jioni aliniuliza nimesoma nini, nikamsimulia, na zile hadithi zilizokatika alizimalizia mwenyewe. Wakati mwingine alimalizia vizuri kuliko mhariri.

Shuleni tulikuwa watoto wa 8-4-4. Masomo ya Msingi kilikuwa kitabu kimoja kwa wanafunzi wanne, na ukiwa msomaji wa haraka ulikaa na kidole kwenye pembe ya ukurasa ukingoja wengine wafike. Lakini mwalimu wetu alikuwa na kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na Hekaya za Abunuwasi. Mnaikumbuka ile ya sufuria? Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na kasufuria kadogo, anasema imezaa. Mwenyewe anafurahi, anapokea. Akiazima tena, anamwambia imekufa. Nilicheka mpaka nikatolewa darasani. Baadaye nikakutana na Moses, yule mvulana mtundu wa Barbara Kimenye, mwandishi wa Uganda, na shule yake ya bweni ambayo hakuna mzazi angeitaka. Nilisoma kila kitabu cha Moses nilichoweza kuazima, vingine bila jalada, kimoja bila kurasa za mwisho. Hilo nilikuwa nimelizoea.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya leo. Juzi mama mmoja wa kanisa (nimemwomba ruhusa, akacheka akakubali) aliniletea kitabu cha hadithi alichokikuta chini ya mto wa binti yake. Alitaka tumwombee mtoto, kwa sababu kitabu hakina Mungu ndani. Nilikisoma usiku huo huo. Kilikuwa cha msichana na mbuzi wake. Tulimwombea binti, ndiyo, tukaomba azidi kusoma.

Wapendwa, Paulo aliposimama Athene katika Matendo 17 aliwataja washairi wa Wayunani wenyewe, na akawahubiria kupitia hayo maneno. Aliyajua kwa sababu yalikuwa yamemfikia na alikuwa ameyaweka moyoni. Yule towashi Mwethiopia naye, Mwafrika mwenzetu, Filipo alimkuta garini akisoma. Kama asingejua kusoma, mazungumzo yale yangeanzia wapi? Mimi nina watoto wa darasa la sita kwenye Sunday School wanaoimba vizuri mno, lakini nikiwapa Zaburi wasome kwa sauti wanakwama mstari wa pili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si mbuzi wa yule msichana.

Nikiwa darasa la saba, Jumamosi moja Baba alivaa koti lake la kanisani akanipeleka mjini, kwenye maktaba ya McMillan pale Banda Street, yenye sanamu za simba wawili mbele. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baba alilijua hilo. Wakati wa ujana wake watu wa rangi yake hawakupita kati ya wale simba. Tuliingia. Nikachukua kitabu, nikakaa. Yeye naye akachukua kimoja rafuni, akakaa mkabala nami, akakifungua. Kila baada ya muda aligeuza ukurasa, polepole, kama anayesoma. Alikaa hivyo karibu saa mbili, mpaka nilipomaliza. Njiani hakusema lolote, nami sikumuuliza.

Alitutoka kabla sijaingia chuo cha Biblia. Pale chuoni, siku tulipofika 2 Timotheo 4 mstari wa 13, nilibaki hapo hapo wakati wenzangu wanaendelea. Paulo yuko gerezani, anajua mwisho wake umekaribia, na anamwagiza Timotheo mambo mawili kwa pamoja: joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu. Baridi ya mwili na njaa ya akili kwenye agizo moja. Sisi watu wa Dagoretti tunaijua baridi ya mwezi wa saba, na hakuna mzazi hapa anayemwacha mtoto bila sweta. Sweta tunanunua. Kitabu tunasema tutaona mwezi ujao.

Kitabu cha inama pale Tom Mboya hakishindi bei ya chipsi.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili kutakuwa na rafu nyuma ya kanisa, karibu na spika. Nimeanza na vitabu vyangu arobaini, Abunuwasi akiwemo. Mtoto ataandika jina lake kwenye daftari, atakwenda nacho, atakirudisha Jumapili inayofuata. Mwenye kitabu nyumbani ambacho hakisomwi, akilete. Hata kama hakina jalada. Ila kurasa za mwisho, tafadhali, ziwepo.