Kilichofichwa Shinani

Wahenga walinena kwamba atafutaye hachoki, na akichoka keshapata. Yumkini hawakuwa na taswira ya mwanafunzi wa chuo kikuu akitembea msituni, macho kayakaza kwenye simu, ilhali nyanyake anamfuata kwa mkongojo. Hata hivyo, methali hiyo iliwafaa wawili hao Jumamosi moja asubuhi katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi.

Kijana huyo alikuwa amevutiwa na jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti. Asili yake ni Marekani. Mnamo tarehe 2 Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilikoma kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yaliyotumiwa na raia, na vifaa vya kawaida vikaweza kuonyesha mahali kwa usahihi wa mita chache. Siku iliyofuata, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vikorokoro katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo zake kwenye intaneti ili watu waitafute. Kanuni za mchezo ni chache: atwaaye kitu aache kingine chenye thamani isiyopungua; aandike jina na tarehe katika daftari lililomo; kisha arudishe kila kitu palipokuwa bila kuonekana na wapita njia.

"Njia ni nyepesi, Nyanya," alikuwa amemsihi. "Kwa kipimo cha moja hadi tano, hii ni moja na nusu."

Nyanya, ambaye amepita umri wa miaka 80, alikubali. Muhula uliotangulia mjukuu alikuwa amemhoji kwa kinasa sauti kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi. Alimpa vitendawili viwili, akasema mengine ameyasahau. Safari hii hakuulizwa neno. Alifunga viazi vitamu katika leso, wakaenda.

Njia ilikuwa nyepesi kweli: udongo mwekundu uliokanyagwa ukalainika, mikaratusi mirefu, kisha mihugu na vichaka ambamo kima walirukaruka. Mjukuu alitangaza masafa kwa sauti: mita 200, mita 90, mita 12. Chini ya majani mazito mshale ulianza kuyumba. Aliinua mawe, akapekua vichaka, akalowa jasho. Nyanya alisimama akitazama.

"Unatafuta kwa macho ya simu," alisema hatimaye. "Anayeficha kitu huchagua mahali atakapopakumbuka, mvua isipofika, na mpita njia hana sababu ya kuinama. Tazama shina lile."

Katika shina hilo mlikuwa na shimo lililozibwa kwa kipande cha gome. Ndani yake kulikuwa na kijisanduku. Mjukuu alishangilia, akamwuliza alijuaje. Nyanya aliketi juu ya gogo.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wakati wa Hali ya Hatari. Kakangu alikuwa msituni, si mbali na hapa. Mama alinipa chakula nikiweke shinani, nijifanye ninaokota kuni. Sikumwona hata siku moja. Nilijua amefika kwa kuwa chakula hakipo. Mara tatu nilikuta kimechukuliwa. Mara ya nne nilikikuta kimeoza."

Kimya kilitanda. Nyanya alinyosha kidole kuelekea kijisanduku.

"Daftari hilo ni la nini?"

"Ili aliyeficha ajue kwamba umefika."

"Sisi hatukuwa na daftari," alisema, akaomba kalamu.

Aliandika polepole, kwa herufi alizojifunza ukubwani katika darasa la ngumbaru. Mjukuu alichungulia.

"Lakini hilo ni jina la baba."

"Babako alipewa. Mwenyewe ni huyu."

Mjukuu alikuwa ameliandika jina hilo kwenye kila karatasi ya mtihani tangu darasa la kwanza. Alijua kwamba kwa mila ya Wakikuyu mtoto hupewa jina la jamaa, na kwamba babake aliitwa kwa jina la mjomba. Hakuwahi kuuliza mjomba huyo alikuwa nani, wala kaburi lake li wapi.

Nyanya alifungua leso ili aache kiazi kimoja sandukuni. Mjukuu alimweleza kwa upole kwamba chakula hakiruhusiwi, maadamu wanyama wakinusa watalivunja.

"Zamani tuliwaogopa wa miguu miwili," alijibu, akatabasamu. "Basi leo tukile wenyewe." Wakala viazi vyote, wakarudisha kijisanduku na gome lake.

Mwezi Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti katika msitu huo, ili usinyakuliwe na kugeuzwa mitaa ya nyumba. Lau wangeshindwa, huenda shina hilo lisingekuwepo, na simulizi ya Nyanya ingebaki imefungwa kifuani mwake.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hutumwa nyanjani na orodha ya maswali, nao hurejea wakilalamika kwamba wazee wamesahau. Nyanya hakuwa amesahau. Kinasa sauti kilimkuta sebuleni. Kumbukumbu yake ilikuwa msituni, na ilihitaji mtu wa kuandamana naye hadi huko, mwendo wa pole, kwa njia nyepesi.