Tunduma, Mji wa Reli ya Majirani

Wengi wanaoijua Tunduma wanaijua kwa foleni. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hujipanga kando ya barabara kuu, madereva wakichemsha chai kwenye kivuli cha matela. Vijana wa kubadilisha fedha hupita na mabunda ya kwacha mkononi, na bodaboda hujipenyeza katikati bila kumwogopa mtu. Vumbi lipo, kelele zipo, na matapeli hawakosekani. Pamoja na yote hayo, naipenda Tunduma, na si kwa sababu ya biashara yake.

Tuanze na njia. Kutoka Mbeya ni mwendo wa kilomita kama mia moja, na sehemu kubwa iko ndani ya Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Unapita Mlowo, unapita Vwawa yaliko makao makuu, na kote huko ni nchi ya Wanyiha na kahawa yao. Msimu wa kuchuma, punje zinaanikwa kwenye vichanja nyuma ya nyumba, na harufu yake inakaribia ile ya tunda lililoiva kupita kiasi. Baridi ya Juni hapa haina mzaha.

Wilayani Mbozi usikose kuchepuka Ndolezi ukaone Kimondo. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, lililodondoka kutoka angani zamani ambazo hakuna simulizi inayozifikia. Ukilipapasa unakuta vishimo vidogo, kama vya dole gumba kwenye udongo laini, na mahali pengine alama za msumeno za waliotaka kipande chao. 

Lakini chuma kilichonileta ni kingine. Tunduma ndipo reli ya Tazara inapotoka Tanzania na kuingia Nakonde, Zambia. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Simama karibu na reli hiyo ukiwa na rula: kati ya chuma na chuma utapata milimita 1,067. Reli ya Kati, tuliyoirithi kwa Wajerumani, ina milimita 1,000. Kwa hiyo mabehewa yetu ya zamani hayakuweza kupita juu yake. Upana ule ndio wa Zambia na nchi za kusini, na sisi tukaufuata. Tulijenga reli nyumbani kwetu kwa kipimo cha jirani, naye wakati huo alikuwa amebanwa.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko, ikabaki na mlango mikononi mwa wabaguzi. Benki ya Dunia ilikwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Kwa hesabu za fedha haikukosea sana. Lakini marais wa nchi hizi mbili, Nyerere na Kaunda, walikuwa wakipiga hesabu nyingine.

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku. Mafundisho ya jamii ya Kanisa lake, tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kuhusu wafanyakazi, yanasema mshahara lazima umtunze mtu na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Papa Paulo VI alitoa waraka wake wa maendeleo ya mataifa Machi 1967, majuma machache tu baada ya Azimio la Arusha, na ukisoma maandiko hayo mawili utadhani waandishi wake walikuwa wakipeana barua. Oktoba 1970, akiwa New York, Nyerere aliwaambia watawa wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, watu watalipa kisogo. Mwezi huohuo jiwe la msingi la reli liliwekwa.

Kaunda alitokea upande wa pili, kwa dini na kwa mpaka. Baba yake alikuwa mhubiri wa misheni ya Kiskoti ya Lubwa, Chinsali, katika jimbo lilelile la Muchinga ambamo Nakonde imo. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akakutana na Martin Luther King mjini Atlanta, kisha akarudi kuongoza upinzani wa kutotii sheria za wakoloni. King mwenyewe aliuawa Memphis mwaka 1968, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma wakidai ujira na heshima. Papa Leo angewaelewa wale wazoa taka bila mkalimani.

Kwa macho yangu, basi, mafundisho ya Kanisa na harakati za kina King vilikutana hapa na kufungwa kwa boliti. Fundi alikuwa Mchina mkomunisti, kwa mkopo usio na riba. Mungu ana utani wake. Reli ilifika Tunduma mwaka 1973, na mwaka 1976 ikakabidhiwa kwa nchi zote mbili. Wako Wachina na Waafrika waliokufa wakiijenga.

Nisiwe mpambe. Miaka hiyohiyo ya sabini wanakijiji wa Tanzania walihamishwa kwa nguvu kupelekwa vijiji vya ujamaa, wengine wakiacha mashamba yenye mazao. Kanisa hilohilo linafundisha kwamba lile ambalo watu wa chini wanaliweza wenyewe, mkubwa asilichukue. Hapo Mwalimu Nyerere alikosea, na waliolala nje wakati ule hawahitaji kuelezwa.

Lakini ukanda huu ulikwisha kuonyesha kitu kabla ya reli. Januari 1962 Mandela, akitoroka Afrika Kusini, alitua Mbeya. Hotelini aliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja barazani wakizungumza, na baadaye akaandika jinsi kitu hicho kidogo kilivyomshangaza. Miaka miwili kabla, wanafunzi weusi wa Greensboro, Marekani, walikaa kwenye kaunta ya mgahawa wakagoma kuondoka, wakitaka hicho hicho.

Leo Tazara imechoka. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia makubaliano ya kuifufua, nami naingoja kwa hamu. Mpaka wenyewe umerahisishwa: tangu 2019 kuna kituo kimoja cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Wanyamwanga, ambao mpaka uliwakuta wakiwa pande zote, walikuwa wakipita tangu zamani wakiwa na habari za misiba na harusi. Sokoni utasikia Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba katika bei moja ya nyanya.

Nenda Juni au Julai, na ubebe sweta. Ona Kimondo kwanza, kisha fika Tunduma na uulize kwa mama ntilie wali wa mchele wa Kamsamba. Chukua hati ya kusafiria uvuke Nakonde. Mabasi ya Lusaka yanapita njia panda ya Chinsali.